Mashine ya TENS na kiuno changu: nilivyoyapokea majibu ya utafiti

Naendesha trela kati ya Malaba na Kampala, na kiuno kinanikata mwaka wa nne sasa. Mwaka jana nilinunua mashine ya TENS kwenye duka la dawa mjini Kampala, shilingi 180,000. Ni kiboksi cha betri chenye nyaya na pedi za kunata. Unazibandika mgongoni, unawasha, umeme mdogo unakutambaa kama sisimizi. Muuzaji aliniapia kwamba maumivu yataisha. Wiki tatu za kwanza nilipata nafuu, nikaisifia kwa kila dereva kwenye foleni ya mpakani.

Mpwa wangu anasomea tiba ya viungo. Alipokuja Tororo kunisalimia aliiona mezani, akanieleza utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990. Wagonjwa 145 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa kwa kura: baadhi wakapewa mashine inayofanya kazi, wengine inayofanana nayo lakini haitoi umeme. Baada ya mwezi, wenye umeme walikuwa wamepata nafuu ya asilimia 47, wasio na umeme asilimia 42. Pengo dogo hivyo laweza kutokea kwa bahati tu.

Niliudhika. Nikamuuliza, kwa hiyo mimi nadanganya?

"Nafuu uliipata, mjomba. Lakini hata wale wa mashine isiyo na umeme waliipata."

Maneno hayo nilikaa nayo siku nyingi. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka yenyewe, na mimi niliinunua siku yalipokuwa yamepanda kabisa. Halafu, ili kuitumia, nililala chali nusu saa kila jioni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nishike usukani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika utafiti huohuo, waliofanya mazoezi ya viungo walipungukiwa na maumivu kuliko wasiofanya. Miezi miwili baadaye wengi walikuwa wameyaacha, na nafuu ikapotea. Dukani hakuna aliyenitajia mazoezi.

Mashine haikunidhuru, ila mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo amwone daktari kwanza. Maumivu mengine siyasemei. Kwa kiuno cha siku nyingi kama changu, singeinunua tena.

Pedi zimeisha gundi, sijanunua nyingine. Nikisimama Naluwerere natandika mkeka kando ya trela, nafanya mazoezi aliyonifundisha mpwa wangu.