Dinari za Roma: ipi ununue kwanza

Wengi wanaonunua dinari, sarafu ya fedha ya Kiroma ya kale, kwa mara ya kwanza hukimbilia jina kubwa. Mimi nasema kimbilia picha. Kaisari, yaani mtawala wa Roma, alizungumza na watu wake kwa sarafu: kichwa chake upande mmoja, na upande wa pili habari aliyotaka waiamini. Dinari ya mtu maarufu iliyosagika hadi picha imepotea haikuambii chochote.

Naiweka ya kwanza dinari ya Kaisari Trajan (alitawala 98–117). Wachongaji wake walikuwa hodari, na hadithi yake inasomeka. Aliiteka Dakia, Romania ya leo, na sarafu zake zinamwonyesha Mdakia ameketi kwa huzuni juu ya silaha za watu wake walioshindwa. Kuizunguka picha hiyo kumeandikwa SPQR OPTIMO PRINCIPI, yaani Baraza na Watu wa Roma, kwa mtawala bora. Ni kipenyo cha milimita 18 au 19 tu, lakini ushindi na uchungu vyote vimo. Ukiwa na pesa za ziada, itafute dinari ya mrithi wake, Hadrian, yenye neno AFRICA: mwanamke aliyejilaza, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkononi ana nge. Africa ya Warumi ilikuwa ya kaskazini, lakini picha ile inanigusa kila nikiiona.

Ya pili ni ya Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya. Alipunguza madini ya fedha ndani ya dinari hadi karibu nusu, kwa hiyo bei ni nafuu. Mkewe Julia Domna na wanawe Caracalla na Geta wana sarafu zao pia. Unaweza kukusanya familia nzima pole pole.

Mwenye mfuko mdogo achukue antoniniani, sarafu nyingine ya fedha ya Kiroma, ya Kaisari Gordian III (238–244), ile yenye taji la miale. Zipo tele, na nzuri hupatikana chini ya dola 100. Za miaka ya 260 na kuendelea ziache: nyingi ni shaba iliyopakwa fedha.

Ya mwisho ni dinari ya Kaisari Tiberius. Wakristo huihusisha na lile swali la Injili, “Ni ya nani sanamu hii?”, na sifa hiyo imepandisha bei mno. Picha ya upande wa pili ni mwanamke ameketi, basi.

Kabla ya kulipa, omba uzito. Dinari ya Trajan huwa na gramu 3 na kitu. Ikipungua sana, shuku kiini cha shaba. Tazama ukingo kwa lenzi: sarafu halisi iligongwa kwa nyundo, ile ya kumiminwa kwenye kalibu huacha mshono na vitundu vya hewa. Dai pia karatasi zinazoonyesha ilikotoka, maana nyingine zimefukuliwa kwa wizi. Muuzaji asiye nazo, mwache.