Miezi minane na Red Special, gitaa la Brian May wa Queen

Nianze na jibu maana najua wengi ndo mnalolitafuta: kama unapiga rock na unataka gitaa moja tu litakalokupa sauti nyingi bila kununua lundo la pedali za kubadilisha sauti, hii Red Special inayouzwa na kampuni ya Brian May mwenyewe, yule mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza, ndo gitaa zuri kuliko yote niliyowahi kuyashika, na nimeshika mengi, Stratocaster (Strat) ya kuazima nimekaa nayo miaka mitatu, Les Paul nimekuwa nayo, yale yasiyo na jina ndo nimejifunzia, na bado hili ndo ninalobeba nikitoka nyumbani kwenda kupiga.

Langu ni mtumba. Binamu yangu yuko Leicester, Uingereza, alilipata kwa mtu kwa paundi 520, yaani kama milioni moja na laki sita hivi za kwetu kwa wakati ule, akaja nalo Dar kwenye ndege amelikumbatia kama mtoto. Halikuwa na mchubuko wowote, nyuzi tu zilikuwa zimechoka.

Sasa ili uelewe kwa nini liko hivi lilivyo lazima ujue la kwanza lilitokea wapi. Mwaka 1963 Brian alikuwa kijana wa shule tu, hela ya kununua gitaa la Fender, wale wanaotengeneza Strat, nyumbani kwao hakuna, baba yake Harold alikuwa mtu wa elektroniki, wakakaa wawili wakaamua walitengeneze wenyewe, iliwachukua kama miaka miwili. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya mahogani ya sehemu ya kuotea moto, nyumba za kule zina meko ukutani sebuleni, mbao yenyewe ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia na ilishatobolewa na wadudu, matundu wakayaziba na njiti za kiberiti. Bodi ina mti wa mwaloni wa meza ya zamani. Trimolo, ule mkono wa kuyumbisha sauti, inakaa juu ya makali ya kisu na kurudishwa na spring mbili za injini ya pikipiki, ncha ya mkono wake ni sindano ya mama ya kufumia sweta, na vile vidoti vya kwenye shingo ni vifungo vya lulumizi kutoka kopo la vifungo la mama. Hilo hilo gitaa ndo lililopigwa uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985, na ndo lililopanda juu ya paa la Buckingham Palace mwaka 2002. Anapiga nalo mpaka leo!

Na kuna jambo linanigusa sana mimi kama mtoto wa Unguja. Familia ya Bulsara, kina Freddie Mercury, iliondoka Zanzibar mwaka 1964 baada ya Mapinduzi wakaenda kukaa Feltham, nje kidogo ya London, na nyumbani kwa kina Brian kulikuwa huko huko Feltham, mitaa michache tu. Yaani kijana Farrokh aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alikuwa anapita jirani kabisa na nyumba ambayo humo ndani baba na mwana wanapiga randa lile gitaa, na hawakujuana mpaka miaka ilipopita. Nikilishika hili la kwangu huwa nawaza hilo kila mara, siwezi kusema uongo.

Haya tuje kwenye sauti maana ndo penyewe. Lina pikapu tatu, nazungumzia zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi siyo lile gari la mizigo, moja ya shingoni, moja ya kati, moja ya kwenye briji, pale chini nyuzi zinapokalia, na kila moja ina swichi zake mbili ndogo. Swichi ya kwanza ni kuwasha na kuzima. Ya pili ni ya kugeuza fezi, yaani mawimbi ya pikapu hiyo yanageuka, yanapopanda yanashuka na yanaposhuka yanapanda, kwa hiyo ukiichanganya na mwenzake ambaye hajageuzwa zinakulana zenyewe kwa zenyewe, besi inakufa, kinachobaki ni sauti nyembamba inayolia puani kama zumari. Nimekaa nikahesabu, mchanganyiko wa sauti tofauti ni kumi na tatu. Strat ya kisasa inakupa tano.

Halafu kuna la pili ambalo watu hawalisemi sana, pikapu za humu zimeunganishwa kwa mfuatano, moja inaimwagia nyingine, wakati kwenye Strat zinakaa sambamba. Ndo maana Strat ukiwasha mbili sauti inakuwa laini, tamu, kama glasi, ila nguvu inapungua, na hapa ukiwasha mbili sauti inanenepa na kusukuma amplifaya. Ya briji na ya kati pamoja bila kugeuza fezi, hiyo ndo sauti ya Brian unayoijua, mimi naikalia hapo karibu asilimia themanini ya onyesho. Nikifika kwenye solo nawasha ya shingoni na ya kati, nageuza fezi ya moja, na watu wa meza za nyuma wanageuza vichwa.

Hiyo sauti ya fezi iliyogeuka siyo ya Brian peke yake, wapenzi wa Peter Green wa Fleetwood Mac wanaijua vizuri, Les Paul yake ya 1959 ilikuwa na sumaku ya pikapu moja imekaa kinyume, akiwasha zote mbili inalia kile kilio chake, ikaja kuwa ya Gary Moore na sasa iko kwa Kirk Hammett wa Metallica. Lakini pale ni gitaa lililotokea hivyo, hapa ni swichi tu unasukuma na kidole.

Sisemi Strat ni mbaya, Mungu anisamehe. Jimi Hendrix alikuwa wa mkono wa kushoto akaigeuza ya mkono wa kulia juu chini na akafanya yale aliyoyafanya kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969, David Gilmour wa Pink Floyd ile yake nyeusi iliuzwa kwenye mnada New York mwaka 2019 kwa dola 3,975,000 na hela akaitoa kwa ajili ya mazingira. Kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo, ile ya kuchambua nyuzi moja moja kama solo za dansi letu, Strat bado naiheshimu kuliko hili. Na Les Paul ya kina Jimmy Page na Slash ina ule uzito wa chini ambao sijaupata kwingine, ila ni nzito kweli kweli, masaa matatu umesimama harusini bega linakufa ganzi.

Vidole sasa. Urefu wa uzi kwenye Red Special ni inchi 24, Les Paul ni karibu 24.75, Strat ni 25.5. Unaweza kuona inchi moja na nusu ni kitu gani lakini shika uvute uzi utaniambia, unavutika kama mpira, mimi vidole vyangu ni vifupi na nilikuwa nateseka sana na vibend vya sauti nzima, yaani kuvuta uzi mpaka sauti ipande hatua nzima, hapa nimepona. Ila wenye vidole vinene mkapime kwanza, kule juu kabisa karibu na freti ya 24, vile vyuma vya kwenye shingo, pamebanana.

Yasiyonifurahisha. Swichi ni ndogo na zimepangwa karibu karibu, ukumbini kuna giza lazima mkono uzikariri, mimi ilinichukua mwezi mzima na mara mbili nimezima sauti yote katikati ya wimbo. Pikapu za aina hii ukiwasha moja peke yake inavuma, hasa umeme wa ukumbi ukiwa hauna ethi ya maana. Na kwa sisi wa pwani chumvi ya hewani haina huruma, nyuzi mpya nikiziacha bila kufuta jasho wiki mbili tu zimeshika kutu. Halafu muwe waangalifu na mafundi, kuna mmoja nilimpelekea anikazie jeki tu, pale unapochomeka waya wa amplifaya, akafungua na kurudisha waya za swichi vibaya, wiki tatu nazunguka nadhani pikapu imekufa, mpaka rafiki yangu wa redio akakaa na mchoro akazirudisha moja moja.

Kitu cha mwisho, piki, kile kidude cha kupigia nyuzi. Brian hapigi na piki ya plastiki, anapiga na sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita, kwa sababu ni ngumu haipindi na ukingo wake ukigusa uzi unaleta mkwaruzo mdogo kabla sauti haijatoka. Mimi nilikwenda kwenye mkebe wa bibi nikatoa sumni, ile senti hamsini yenye sungura, nikaijaribu. Siku ya kwanza nilikata nyuzi mbili. Nikajifunza kuishika kwa ulegevu, kwa ncha za vidole tu, na sasa piki za plastiki zimekaa kwenye droo hata sikumbuki ni lini nilizigusa.