Uzoefu wangu na skrini ya Dell P2419H kwa kazi za nyumbani

Kwa mtu anayefanya kazi ya maandishi nyumbani, skrini ya ofisini iliyokwisha kutumika lakini yenye stendi nzuri inafaa kuliko skrini mpya, pana na ya bei ya chini ambayo haipandi wala haishuki. Huo ndio msimamo wangu baada ya kuitumia Dell P2419H nyumbani kwetu Dar es Salaam, mchana kwa kuhariri miswada na jioni kwa masomo ya watoto. Naeleza jinsi nilivyoichagua kwa sababu wauzaji wengi humtajia mteja inchi na bei peke yake, ilhali mambo yanayochosha macho na shingo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Nilikuwa nikitumia kompyuta mpakato yenye kioo cha inchi 14, na kioo hicho hakikutosha kuweka mswada wa mwandishi upande mmoja na nakala ninayoisahihisha upande wa pili. Dukani Kariakoo nilionyeshwa kwanza skrini mpya ya inchi 27 iliyokuwa inaonyesha video ya samaki wa baharini, na kwa video ilipendeza kweli. Nilipoomba nifungue ukurasa wa maandishi, herufi zilionekana na kingo zisizo laini, hasa zile ndogo za tanbihi. Sababu yake ni ya kihesabu. Skrini ile ilikuwa na pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1920 kwa 1080, idadi ileile iliyomo katika skrini nyingi za inchi 24, na pikseli hizo zinapotandazwa kwenye kioo cha inchi 27 hubaki takriban 82 kwa kila inchi. Kwenye kioo cha inchi 23.8, ambacho ndicho kipimo cha P2419H, zinakuwa karibu 93. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma kwenye karatasi, lakini anayesoma kutwa nzima huiona katika kila mstari. Anayetaka inchi 27 kwa maandishi atafute yenye pikseli 2560 kwa 1440, ambayo hufikisha takriban 109 kwa inchi, ingawa bei yake hupanda.

Jambo la pili nililolitazama ni aina ya kioo. P2419H ina kioo cha IPS, ambacho rangi zake hazibadiliki sana ukikitazama kutoka ubavuni. Nyumbani hili lina uzito kuliko ofisini, kwani watoto wawili wakikaa bega kwa bega mbele ya somo la hisabati, hakuna anayekaa katikati. Vioo vya zamani vya TN hufifia au kugeuza rangi mtu anaposogea kidogo, hasa anapotazama kutoka chini. Vile vya VA vina weusi mzito zaidi na hupendeza kwa filamu usiku, na mwenye haja hiyo namshauri avifikirie. Uso wa skrini yangu haung'ai, kwa hiyo dirisha lililo nyuma ya kiti halijichori juu ya maandishi kama linavyofanya kwenye vioo vinavyometa, ingawa hata hivyo nimeiweka meza ubavuni mwa dirisha, kwa sababu jua la Dar es Salaam la saa tisa alasiri halishindwi na mwangaza wa skrini ya niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza).

Lakini kilichonifanya niilipie ni stendi yake. Inapanda na kushuka kwa sentimita 13, inainama mbele na nyuma, inageuka kushoto na kulia, na kioo chenyewe kinazungushwa kikasimama wima kama ukurasa wa kitabu. Mhariri yeyote ataelewa thamani ya kuuona ukurasa mzima wa A4 kuanzia kichwa hadi tanbihi bila kuusogeza, kwa kuwa makosa ya mpangilio, kama kichwa cha habari kilichobaki peke yake chini ya ukurasa, huonekana mara moja. Urefu unaobadilika ni muhimu zaidi kuliko nilivyosikia watu wakiusema. Ukingo wa juu wa skrini unapaswa kulingana na macho au kuwa chini yake kidogo, na nyumba yenye mama mrefu na mtoto wa darasa la nne haiwezi kutimiza hilo kwa stendi isiyosogea. Skrini nyingi za bei ya chini huinama tu, na mtu huishia kuziwekea vitabu chini yake. Ikiwa umeshanunua ya namna hiyo, angalia kama nyuma ina matundu manne ya skrubu yenye nafasi ya milimita 100 kwa 100, kwani hapo unaweza kufunga mkono wa kuishikilia mezani au ukutani.

Kwa kuwa nilinunua iliyotumika, niliikagua kwa makini. Skrini hii ina jaribio lake la ndani: unachomoa waya wa picha, unaiwasha, kisha unashikilia kitufe cha kwanza kwa sekunde chache, na kioo chote hugeuka kijivu, kisha kila ukikibonyeza kitufe hicho tena hugeuka chekundu, kijani, buluu, cheusi na cheupe. Kwenye weusi utaona pikseli iliyokwama ikiwaka, na kwenye weupe utaona iliyokufa, pamoja na madoa au kivuli cha picha za zamani. Jaribio hilo halihitaji kompyuta, kwa hiyo hakuna sababu ya muuzaji kulikataa. Nilipandisha na kushusha stendi mara kadhaa kuhakikisha haitelezi, nikajaribu kila tundu la waya, nikadai risiti na maelezo ya muda wa dhamana kwa maandishi. Nililipa shilingi 260,000, na kwa hali iliyokuwa nayo naona ilikuwa haki.

Kuhusu kuunganisha, kuna matundu ya waya wa picha ya HDMI, DisplayPort na VGA, pamoja na matundu ya USB ya kuchomekea kibodi na kipanya. Kama kompyuta yako ina HDMI, tumia hiyo na uache VGA, kwa kuwa VGA hupeleka picha kwa njia ya analogi na mara nyingi hulainisha kingo za herufi. Kibadilishi cha umeme kimo ndani ya skrini, kwa hiyo inatumia waya wa kawaida wa kompyuta unaopatikana kila duka. Kuhusu matumizi ya umeme, skrini ya ukubwa huu ikitumia wati 20 huchukua saa 50 kumaliza uniti moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwetu umeme hukatika na kurudi kwa nguvu, na kwa sababu hiyo nimeichomeka kwenye kifaa cha kulinda vyombo.

Haifai kila mtu. Haina spika, hivyo masomo ya video husikika kupitia kompyuta au spika za pembeni. Haina tundu la picha la USB-C, na mwenye kompyuta mpakato nyembamba yenye tundu hilo pekee atanunua adapta. Hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa maandishi, majedwali na mikutano ya video, lakini kijana anayecheza michezo ya kasi atahitaji skrini ya mara 144 na kompyuta yenye uwezo wa kuilisha.