Likizo ya kutembea na kuonja mvinyo: uliza kwanza kama glasi iko juu ya kilima au chini

Goti langu la kushoto ndilo lililonituma kuandika. Oktoba iliyopita nililipia siku sita za kutembea na kuonja mvinyo huko Langhe, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Tangazo lao lilikuwa na kila kitu: kilomita za kila siku, mita za kupanda, picha za hoteli, hata aina za jibini. Siku ya tatu, saa sita mchana, tulikuwa La Morra, kijiji kilichokaa juu kabisa ya kilima, mita 513, tukamiminiwa glasi nne za Barolo, mvinyo mwekundu wa kule. Kisha kiongozi akatazama saa, akasema haya, tunashuka.

Tulikuwa tunashukia kijiji cha Barolo chenyewe, zaidi ya mita 200 chini, kwa vijia vya katikati ya mizabibu, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa kule ni mfinyanzi wenye chokaa. Ukilowa unaganda kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito kama tofali. Basi mimi mtu mzima nikamaliza sehemu ya mwisho kwa makalio. Mzee mmoja Mholanzi akanifuata kwa mtindo huohuo, na mbwa wa shambani akasimama kutuangalia. Barolo kwa sheria haitakiwi kupungua asilimia 13 ya kilevi, na nyingi zinapita 14. Ile haikuwa chai ya rangi.

Kwa hiyo hapa sitaongelea viatu, bima wala viza, hayo mmeshayasoma kwingine. Nina swali moja tu la kumuuliza muuzaji kabla hujatoa kadi ya benki: kila siku, tunaonja kabla ya kushuka au baada ya kushuka? Matangazo yanajisifia mita za kupanda kana kwamba kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda kunakata pumzi tu, ukisimama kidogo inarudi. Kushuka ndiko kunakosaga magoti, na kunataka macho makali na miguu isiyobabaika, vitu viwili ambavyo mvinyo huvichukua mapema kabisa. Na usiniambie kuna ndoo ya kutemea. Ipo, na wajuzi wanatema. Lakini mimi nimelelewa Tanga. Mtu kanikaribisha kwake, kanimiminia kwa mkono wake, halafu niteme mbele ya macho yake? Siwezi, na dada mmoja wa Antwerp aliyeniandikia kuhusu kifundo chake cha mguu naye anasema hawezi.

Kwa swali hilo nimezipanga sehemu nne, kuanzia iliyo bora. Namba moja ni bonde la Mosel, Ujerumani, na sababu ni umbo la nchi yenyewe. Kati ya Trier na Koblenz mto unajipinda kama nyoka, vijiji viko chini ukingoni, maghala ya mvinyo yako vijijini, na mashamba ya mizabibu yananing'inia juu yake. Unapanda asubuhi na akili zako zote, unashuka mchana kwenye vile vijiwe bapa vyeusi vinavyoteleza, halafu ndipo unakaa na kunywa, kitanda kikiwa hatua chache tu. Tena Riesling, mvinyo mweupe wa kule, ile ya daraja jepesi la Kabinett, mara nyingi ni asilimia 8 au 9 tu. Ukipita katika msimu wake utakuta Straußwirtschaft, mahali ambapo mkulima anawauzia watu mvinyo wake nyumbani kwake. Sheria inamruhusu kufungua miezi minne tu kwa mwaka, na viti visizidi 40, kwa hiyo anayekumiminia mara nyingi ndiye aliyezichuma zabibu. Kitu kimoja cha kuangalia ni Calmont, karibu na kijiji cha Bremm. Ule mteremko unafika nyuzi 65, na njia yake ina ngazi za chuma na kamba za waya. Siku hiyo hata bia ya asubuhi sitaki kuiona.

Na hapa napendelea waziwazi, wala sijalipwa senti: nunua kwa Wikinger Reisen, kampuni ya safari za kutembea ya Hagen, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1969. Kwenye ratiba zao wanaandika saa za kutembea, kisha mita za kupanda kwa alama ya kujumlisha, na za kushuka kwa alama ya kutoa. Hiyo alama ya kutoa! Niliiona nikataka kumkumbatia mtu. Ubaya wao ni kwamba viongozi wanaongea Kijerumani, na kama hukijui utaishia kutabasamu siku nzima.

Namba mbili ni Alsace, Ufaransa. Miteremko ni ya upole, vijiji viko chini ya milima ya Vosges, na kutoka Riquewihr kupitia Hunawihr hadi Ribeauvillé hata mama yangu angefika akiwa na kanga na ndala. Ila Njia ya Mvinyo ya kule ilizinduliwa 1953 kwa ajili ya magari, na vifurushi vingine vinavyojiita vya matembezi vinaifuata barabara hiyo. Uliza ni lami kiasi gani.

Langhe naiweka ya tatu, na kwa sharti. Vijiji vyake vingi viko juu ya vilima, kwa hiyo mtego uko kwenye ramani tangu mwanzo. Waambie wageuze njia: mwanzie Barolo, mpande hadi La Morra, mwonje huko na mlale hukohuko. Wakikataa, ondoka. Inaniuma kusema hivyo, kwa sababu mvinyo wake ndio bora kuliko wote niliotaja.

Ya mwisho ni Douro, Ureno. Pazuri mno, matuta ya mawe ngazi juu ya ngazi mpaka mtoni. Lakini yapo mashamba yanayopokea wageni yaliyo juu, kiangazi joto linaweza kupita nyuzi 40, na Port, mvinyo maarufu wa kule, inaongezwa pombe kali mpaka ifike asilimia 20 hivi. Jumlisha mwenyewe.

Wasio na hela: njia ya Moselsteig ina kilomita 365, vipande 24, alama kila kona, na kuitembea ni bure. Panda treni uende.

Sasa hili la nyongeza ya chumba cha mtu mmoja. Kule Langhe nilisafiri peke yangu, nikalipishwa euro 240 zaidi kwa kosa la kutokuwa na mume safarini. Nilidhani basi nitapata chumba cha maana. Nilipewa kile cha juu chini ya paa, kitanda kimoja chembamba, dirisha linaloangalia mabomba ya jiko. Wenzangu wawiliwawili walikuwa na kibaraza kinachotazama mizabibu. Glasi nilipewa zilezile nne, si nane. Nimeiandikia kampuni mara mbili, nikaeleza La Morra, nikaeleza goti, nikaeleza chumba. Wamejibu kwa upole sana, wakaniambatanishia vocha ya punguzo la asilimia tano kwa safari ijayo, kwa masharti kwamba tuwe watu wawili.