Skuta ya cc 50 kwa mashindano: ununue nini kwanza

Muuza vipuri atakuanzishia kwenye silinda ya cc 70, maana ndiko kwenye pesa. Mimi naiweka ya tatu. Nazungumzia injini ya mipigo miwili ya Minarelli, ile silinda ya kulala, iliyomo kwenye Yamaha Aerox na MBK Nitro za zamani. Na nasemea uwanjani. Barabarani Ulaya skuta za daraja hili mwisho wake ni kilomita 45 kwa saa.

1. Rola za variata, yaani vizito vidogo ndani ya kifaa kinachobadilisha gia chenyewe. Bei ndogo, na unabadilisha mwenyewe. Rola nzito hupandisha gia mapema, injini inashuka mizunguko kabla haijafika kwenye nguvu zake. Punguza uzito kidogo kidogo. Ukizidisha utasikia tu: injini inalia kama cherehani, mwendo hakuna. Nunua seti tatu za uzito tofauti, saizi 15 x 12 mm.

2. Eksozi ya mbio. Kwenye mipigo miwili, eksozi ni nusu ya injini. Lile tumbo lake hurudisha wimbi la shinikizo, likasukuma ndani mchanganyiko wa petroli na hewa uliokuwa unatoroka. Lakini ukiifunga, nunua na jeti kubwa zaidi (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli) siku hiyo hiyo. Plagi ikitoka nyeupe, petroli haitoshi. Unataka rangi ya kahawia.

3. Silinda ya cc 70. Kipenyo kinatoka 40 mm hadi 47.6. Ya chuma ni nafuu, nayo inafaa kwa anayejifunza. Ya alumini yenye Nikasil (mpako mgumu wa ndani), kama za Malossi na Polini, hupoa vizuri na hutanuka pamoja na pistoni, ndiyo maana hustahimili kukimbizwa. Mimi nilianza na ya chuma, jeti nikaacha ya zamani. Mzunguko wa nne injini ikanoki. Pistoni nilipoitoa ilikuwa na mikwaruzo upande wa eksozi kama imepigwa msasa.

Kabla ya kuagiza, pima pini ya pistoni: zipo za 10 mm na 12 mm, na haziingiliani.

4. Kabureta kubwa. Dellorto ya 17.5 au 19 mm ni nzuri, ila ukiwa na silinda ya cc 50 bado, hiyo pesa weka kwenye matairi.