Baiskeli ya Kuegemea Inayokunjika: Tathmini ya Safari za Pemba

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, kwa hivyo baiskeli yoyote ya safari hupimwa kwa namna inavyopanda. Grasshopper fx, ya kampuni ya Kijerumani HP Velotechnik, humkalisha mwendeshaji ameegemea kiti chenye mgongo, miguu ikiwa imetangulia mbele, na fremu yake hukunjwa katikati.

Kwa starehe, sijapanda baiskeli inayoifikia. Baiskeli tuliyoizoea huuelemeza mwili juu ya tandiko jembamba na viganja vya mikono, ilhali hii huugawa uzito mgongoni na makalioni, na shingo hubaki imenyooka. Ndiyo maana baina ya Mkoani na Chake Chake niliweza kuitazama mikarafuu muda wote bila ganzi wala maumivu ya mabega. Magurudumu yote mawili yana springi, nazo hufaa sana penye mashimo. Upepo wa kusi nao hausumbui sana, kwa sababu mwili uliolala hupunguza ukinzani wa hewa. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliendesha Velocar, baiskeli ya kuegemea iliyobuniwa na Charles Mochet, umbali wa kilomita 45.055 kwa saa moja, akavunja rekodi, na mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, likazizuia baiskeli za namna hiyo katika mashindano yake. Naamini uamuzi huo ndio uliowanyima wasafiri wengi nafasi ya kuzijua.

Kilima, hata hivyo, ni mtihani wa baiskeli zote za kuegemea, kwani mwendeshaji hawezi kusimama juu ya pedeli akautumia uzito wa mwili wake. Hupanda kwa miguu peke yake, polepole, kwa gia nyepesi kabisa, na mwendo ukipungua mno usukani huanza kuyumba. Asiyekuwa na subira asiinunue. Aidha, kwa kuwa mtu hukaa chini, bendera ndefu nyuma ya kiti ni ya lazima, maana madereva wa gari za abiria hawatarajii kumkuta mtu akiwa chini kiasi hicho.

Kukunjika kwake kunaleta nafuu bandarini, ambako huingia botini kama mzigo wa kawaida, japokuwa kuinyanyua peke yako ni kazi nzito.

Magurudumu ni ya inchi 20, kipimo kilekile cha baiskeli nyingi za watoto, hivyo tyubu hupatikana hata pale ambapo fundi hajawahi kuiona baiskeli ya aina hii. Mnyororo ndio wa kuuhofia: urefu wake unapita mara mbili ule wa kawaida, na anayeelekea Konde na Ngezi achukue vipande vya akiba pamoja na kifaa cha kuukatia. Kwenye mchanga wa Vumawimbi magurudumu haya madogo huzama. Huko ni kushuka na kuisukuma.