Paki Imemezwa: Uchambuzi wa Matangazo ya Kidijitali ya NHL

Habari zenu wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo hamuoni simu wala spika mezani, kwa sababu bidhaa ya leo hakuna aliyeenda dukani kuinunua. Ilikuja yenyewe. Kama unatazama hoki ya barafuni ya NHL, ile ligi ya Marekani na Kanada, tangu msimu wa 2022-23, tayari unayo sebuleni: matangazo ya kidijitali yanayobandikwa juu ya mbao za ukingo wa uwanja. Aliyekaa jukwaani hayaoni hata moja. Wewe wa kwenye runinga unayaona yote, na yanatembea!

Zaidi ya hapo NHL sielezi, mnaijua. Timu ngapi, mechi ngapi, nayo naruka. Nataka twende moja kwa moja kwenye kinachoniudhi, halafu nikishapoa nitakubali na mazuri yake, maana yapo.

Kwanza ukubwa wa hilo bango. Uwanja wa NHL una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, kona zake zimepindwa. Ukiuzunguka ukingo wote unapata kama futi 520, yaani mita 160 hivi, na ubao wenyewe una kimo cha inchi 42. Hilo ni bango moja refu linalozunguka mchezo mzima. Upande wa karibu na kamera kuu uso wake wa ndani hauonekani, kwa hiyo pesa ipo ubao wa ng'ambo na nyuma ya magoli. Zamani palichapwa stika, zikabandikwa, msimu mzima ukawa unatazama benki ileile. Sasa programu inazifuta stika hizo kwenye picha na kuchora nyingine, na ligi inauza muda kwa vipande vya sekunde 30. Mchezo ni dakika 60, piga hesabu: vipande 120 kwa mechi moja. Na aliyefungulia matangazo ya timu ya nyumbani anaweza kuona bia wakati wa upande wa wageni anaona gari, sekunde ileile, ubao uleule.

Haya, sogeeni karibu na kioo, maana hapa ndipo video yote ilipo.

Fungua marudio ya mechi yoyote YouTube, kwenye kompyuta, siyo simu. Chagua ubora wenye 60 mwishoni, 720p60 au 1080p60, yaani picha 60 kwa sekunde. Tafuta mahali paki, kile kisahani cheusi wanachogombea, inapopigwa ikazunguka ubao wa ng'ambo nyuma ya goli. Simamisha. Sasa bonyeza kitufe cha nukta (.): picha inasogea moja tu mbele. Kitufe cha mkato (,): inarudi moja nyuma. Endelea kubonyeza nukta taratibu. Mmeona? Paki ipo. Ipo. Ipo... haipo. Haipo. Imetokea kule.

Imemezwa na tangazo. Na kosa si la macho yako, wala huhitaji miwani.

Paki ni kisahani cha mpira mgumu, kipenyo inchi 3, unene inchi 1. Kamera kuu ikionyesha kipande cha uwanja chenye upana wa mita 30 hivi, kwenye picha ya 1080p yenye nukta za picha (pikseli) 1,920 kwa upana, kila mita inapata nukta 64. Kwa hiyo paki nzima ina nukta 5 kwa upana, na ikilala kwenye barafu unene wake haufiki nukta 2. Sasa ipigwe kwa kilomita 145 kwa saa, ambayo kwa hoki ni shuti zuri tu, la kawaida. Kati ya picha moja na inayofuata inasafiri sentimita 67. Wala haionekani tena kama kisahani cheusi, inageuka mchirizi wa kijivu uliofifia, na nyuma yake unaona ubao.

Programu nayo ina swali moja la kujibu kwa kila nukta, mara 60 kwa sekunde: hii ni ubao au ni kitu kilicho mbele ya ubao? Ikiwa ni ubao, chora tangazo. Ikiwa ni mchezaji, gongo la kuchezea au refa, acha kama ilivyo. Mwili wa mtu mzima ni rahisi, ni mkubwa na una umbo. Mchirizi wa kijivu wa nukta mbili ni wa kubahatisha. Ikibahatisha vibaya inasema "ubao", inapaka rangi juu, na paki yako imekwenda.

Kuna maeneo mengine matatu yanayoishinda, yatafuteni wenyewe. La kwanza ni ncha ya gongo: mpini wake ni mwembamba, na akiuzungusha haraka unakatika vipandevipande. La pili ni vumbi la barafu, pale mchezaji anapofunga breki na vile vya viatu vinarusha theluji. Theluji ile inapitisha mwanga, programu haijui iikate wapi, unaona ukingo wa mawingu umenyolewa kama kwa wembe. La tatu ni jezi nyeupe. Wageni ndio huvaa nyeupe NHL, na ubao halisi kwa asili ni mweupe. Mchezaji mweupe akijibanza kwenye ubao mweupe, mabega yake yanachezacheza kama picha ya king'amuzi wakati wa mvua.

Ule mstari wa njano chini ya ubao wameuacha halisi, na wamefanya vyema, kwa sababu jicho linaushika kama alama ya mahali barafu inapoishia. Wangeupaka na huo, hapo ingekuwa kamari.

Ila mimi nasema hivi: programu kubahatisha ningeisamehe. Programu hukosea, kesho inarekebishwa. Nisichosamehe ni rangi. Paki ni nyeusi! Unamuuziaje mdhamini bango lenye usuli mweusi, au bluu ya usiku wa manane, halafu paki nyeusi inapita mbele yake? Hapo hata programu ikipata alama 100 kwa 100, mtazamaji bado haoni kitu. Ubao mweupe haukuchaguliwa kwa urembo. Na wamiliki wa ligi wanajua paki iko wapi kila wakati: ndani ya paki za siku hizi kuna vifaa vya kufuatilia mwendo, vinatoa taarifa mara 60 kwa sekunde. Takwimu za kasi zinazotokea pembeni ya kioo zinatoka huko.

Halafu cheka kidogo. Kati ya 1996 na 1998 runinga ya Fox, Marekani, ilitia vifaa ndani ya paki ili mtazamaji aione ikiwa na mng'ao wa bluu, na ikipigwa kwa nguvu inavuta mkia mwekundu kama kimondo. Mashabiki wa jadi waliichukia, wakasema ni mchezo wa watoto. Lakini angalau nia ilikuwa uione. Leo teknolojia ni bora mara elfu, na kazi yake ni kuificha.

Kitu kingine ambacho wachambuzi wengi hawakigusi, na kinawahusu wenye bando. Video ya mtandaoni ina kiasi fulani cha data kwa kila sekunde. Mfumo wa kubana picha hupeleka data pale penye mwendo. Barafu imetulia, haili kitu. Sasa weka gari la michoro linalokimbia ubao mzima, au maandishi yanayoteleza: data inakimbilia huko, wachezaji wanabaki na masalio, unaanza kuona vibokosi kwenye nyuso zao. Ukiwa na 480p kwenye simu, paki ni nukta 2 kwa upana, na unene wake haufiki nukta moja. Hapo hutazami hoki, unasikiliza redio yenye picha.

Ufanye nini? Kwenye runinga ingia mipangilio ya picha, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo. Kinatengeneza picha za kati za kubuni, na kwenye kingo zilizokatwa vibaya kinaongeza uchafu juu ya uchafu. Kisha shusha ukolezi wa rangi: kama upo 50, jaribu 40. Matangazo yanapoa, paki haibadiliki maana haina rangi ya kupoteza. Ukali nao ushushe, usizidi nusu. Kuna wanaosema utafute chaneli isiyo na matangazo haya. Kwa kamera kuu, sahau. Subiri kamera ikihamia ya chini, karibu na goli, mara nyingi utaona stika halisi zimerudi, na huo mrukaruko wa kutoka bango hili kwenda lile nao unachosha.

Sasa nipoe, kama nilivyoahidi.

Tangazo likiwa limetulia, lenye usuli mwepesi, ubao mzima mdhamini mmoja, kusema ukweli linapendeza kuliko zamani. Ubao wa stika ulikuwa kama kuta za kituo cha daladala: bima, matairi, pizza, benki, vyote vimebanana. Na pesa zenyewe haziishii kwa wenye timu. Makubaliano ya ligi na wachezaji yanagawa mapato ya hoki nusu kwa nusu. Wakati wa korona kikomo cha mishahara kilikwama dola milioni 81.5 kwa timu, mwaka baada ya mwaka. Msimu wa 2025-26 kimefika milioni 95.5. Siyo matangazo peke yake, mikataba ya runinga ndiyo mama, ila nayo yamo.

Kofia je? Stika za kofia zilianza msimu wa 2020-21, viwanja vikiwa vitupu na wadhamini wanadai thamani ya pesa zao. Ikasemwa ni dharura. Korona ikapungua, stika zikabaki. Msimu wa 2022-23 vikaja vibandiko vya jezi, inchi 3 kwa inchi 3 na nusu, kifuani. Montreal, jezi nyekundu yenye heshima zake, ikabandikwa nembo ya benki ya RBC, bluu na njano. Toronto wao wakaweka neno moja tu la kunadi maziwa, kwa rangi zao wenyewe, na ukiangalia kutoka jukwaani hulitambui. Hiyo ndiyo tofauti ya kibandiko kizuri na kibaya, rangi basi.

Najua wengine huko Dar na Nairobi mnacheka: kibandiko cha inchi tatu ndicho kinawatoa watu machozi? Sisi kwetu Yanga wamecheza miaka na SportPesa kifua kizima, na hakuna aliyezimia. Na ukienda Uswisi au Ufini, mchezaji wa hoki ni gazeti linalotembea: mabega, soksi, makalio, kote kumeuzwa. Kwa hiyo jezi siipigii kelele. Jezi haimezi paki.

Kubeti ndiko kunakonitia shaka zaidi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifungua mlango wa kubeti michezo Mei 2018, jimbo la Ontario huko Kanada likafungua soko la mtandaoni Aprili 2022, na miezi michache baadaye mbao za kidijitali zikawa tayari. Ontario imekwishapiga marufuku wanamichezo kuonekana kwenye matangazo ya kubeti, tangu Februari 28, 2024. Ubao ukaachwa. Sasa fikiria bango linalobadilika kila sekunde 30: hakuna kinachozuia kuonyesha bei za mkeka mchezo ukiendelea. Wenye watoto sebuleni mnanielewa.

Kabla hamjaniuliza kuhusu Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya: ndiyo, lile tangazo la Tim Hortons la 2018, walipopelekwa Kanada na kukuta nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wamevaa jezi kucheza nao, lilikuwa tangazo la kahawa. Na ni zuri. Timu iliyokuwa ikijifunza kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, Mombasa Road, ilipata mechi halisi na vifaa. Tangazo la namna hiyo nipe kila siku.

Alama zangu: tangazo lililotulia, 7 kwa 10. Linalotembea wakati paki inachezwa, 2, na hiyo 2 ni ya mstari wa njano. Dawa yake wala haihitaji programu mpya: badilisheni bango refa akipuliza filimbi tu, na mkatae usuli mweusi kwenye mkataba.

Habari za chaneli: video sasa zinatoka Alhamisi, siyo Jumanne. Ijayo ni ile kofia yenye michoro ya moto ya mfungaji bora wa ligi ya Uswisi, mdhamini PostFinance, wengi mmeiomba. Ukiona paki imemezwa wiki hii, andika kwenye maoni timu, kipindi na dakika, na useme ulikuwa unatazama upande wa nyumbani au wa wageni, maana bila hilo sitaipata. Picha ya skrini peke yake hainisaidii, nahitaji picha tatu mfululizo: kabla, wakati, baada.